Familia ya Mwaniaji na Faragha Wakati wa Kampeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Agosti 10, 2027, na maswali haya yameanza kuulizwa mapema. Yanatoka kwa wake na waume wa wawaniaji, kwa watoto wao waliokwisha kuwa watu wazima, kwa waandishi wa habari wa mashinani, kwa vijana wanaoendesha kurasa za kampeni, na kwa wapiga kura wanaotaka kujua mpaka uko wapi. Msingi wa majibu ni sheria za Kenya. Nchi nyingine zinatajwa pale zilipopitia jambo ambalo sisi tunalielekea. Aliye na kesi mkononi amwone wakili.

## Mambo ya msingi

Mtu akiamua kuwania kiti, je, familia yake nayo inakuwa ya umma?

Hapana. Aliyejaza fomu za tume ya uchaguzi, IEBC, ni mtu mmoja. Mkewe au mumewe, mama yake mzazi, shemeji zake na wanawe hawajamwomba mtu kura. Hoja ya kwamba "alijua anakoingia" inamhusu mwaniaji, na hata kwake ina kikomo. Haimhusu mtoto wa darasa la sita ambaye hakuna aliyemuuliza.

Jibu hili husahaulika kwa sababu siasa zetu huendeshwa kifamilia. Mwaniaji hupanda jukwaani na mwenzi wake, mama yake huketishwa mstari wa mbele, babu yake husifiwa kwa mashamba aliyolima. Ni desturi nzuri, na hakuna ubaya watu kutaka kujua mtu wao ametoka nyumba gani. Lakini kuonekana jukwaani Jumamosi hakumwondolei mtu haki ya kwenda hospitali Jumatatu bila kupigwa picha.

Sheria inasema nini hasa?

Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha. Sehemu yake ya (c) inagusa jambo letu moja kwa moja: habari za familia ya mtu au mambo yake ya kibinafsi zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo haja. Kwa hiyo anayefichua ndiye anayepaswa kuonyesha haja ilikuwa ipi. Mwenye familia halazimiki kueleza kwa nini alitaka kuachwa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakwenda mbali zaidi. Katika orodha yake ya data nyeti, pamoja na afya, imani na asili ya kikabila, imeweka hali ya ndoa na habari za familia, yakiwemo majina ya watoto, wazazi na mke au mume. Vijana wengi wa kampeni hushangaa wakisikia hivyo. Kuchapisha majina ya watoto wa mpinzani wako ni kushughulika na data iliyo katika kundi moja na rekodi za hospitali.

Tanzania ina kinga inayofanana. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu, familia yake na unyumba wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Uganda inayo Ibara ya 27 ya Katiba na sheria yake ya data ya 2019.

Basi mpiga kura hana haki ya kujua lolote?

Anayo, tena kubwa, na yeyote anayetumia neno faragha kuficha wizi anaidhulumu faragha yenyewe. Ninachopendekeza ni maswali matatu kabla ya kuchapisha habari yoyote ya mwanafamilia. Je, inagusa fedha za umma? Je, inagusa mamlaka ya kiti anachowania au alichonacho? Je, inapinga jambo ambalo mwaniaji mwenyewe amewaambia wapiga kura ili wamchague? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, kuna haja ya kuichunguza. Likiwa hapana kwa yote matatu, kilichobaki ni udaku, hata ukiandikwa kwa lugha ya uzalendo. Maadili ya Baraza la Vyombo vya Habari nchini yanatofautisha vivyo hivyo: maslahi ya umma yawe ya kweli, yasiwe hamu tu ya kuchungulia.

Mwenye cheo ana kinga ndogo kuliko jamaa zake. Ibara ya 75 ya Katiba inamtaka afisa wa serikali, hata katika maisha yake ya kibinafsi, aepuke kugonganisha maslahi yake na kazi ya umma au kukivunjia heshima cheo chake. Ibara hiyo inamfunga yeye. Haiwafungi wanawe.

## Watoto

Mwaniaji anaweza kuweka picha ya wanawe kwenye bango au ukurasa wa kampeni?

Sheria haimkatazi mzazi. Inachotaka, kwa data ya mtoto aliye chini ya miaka 18, ni idhini ya mzazi au mlezi, na pia kwamba picha hiyo itumiwe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Watu wengi huishia kwenye sharti la kwanza. Idhini ya baba haitoshi ikiwa bango linamfanya mtoto atambulike njiani kuelekea shule katika msimu ambao magari ya wapinzani yanapigwa mawe.

Ushauri wangu kwa wawaniaji ni kuliacha jambo hili kabisa. Ukishampandisha mtoto jukwaani wewe mwenyewe, itakuwa vigumu kuwaambia wengine wasimzungumzie. Kisheria bado utakuwa na haki ya kusema hivyo, lakini kwenye mitandao hakuna atakayekusikiliza. Kama ni lazima picha ya familia iwepo, iwe moja, isiyo na sare ya shule, isiyo na majina, isiyoonyesha geti la nyumbani.

Na picha za watoto wa shule waliokuja kumwimbia mwaniaji?

Hao pia wana wazazi ambao hawakuulizwa. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza Roma School ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hiyo ilikuwa shule ikijitangaza. Timu ya kampeni isidhani itahurumiwa zaidi.

Gazeti au mwanablogu anaweza kuandika habari za mtoto wa mwaniaji?

Mara chache sana, na si kwa sababu tu mzazi wake ni maarufu. Maadili ya wahariri wa magazeti ya Uingereza yameliweka jambo hili wazi kuliko yote niliyosoma: umaarufu au cheo cha mzazi hakiwezi kuwa sababu pekee ya kuchapisha maisha ya faragha ya mtoto. Ningependa kila chumba cha habari cha Nairobi, Kisumu na Mombasa kiwe na kanuni hiyo ukutani.

Watu huuliza: je, mwaniaji anayehubiri maadili ya familia, kisha bintiye akapata mimba akiwa shuleni? Jambo hili lilitokea Marekani mwaka 2008. Sarah Palin, mwaniaji mwenza wa chama cha Republican, alitangaza Septemba 1 kwamba bintiye wa miaka 17 alikuwa mjamzito. Tetesi mtandaoni zilikuwa zimeisukuma familia hadi hapo. Barack Obama, mpinzani wao, alisema siku hiyohiyo kwamba familia za wagombea ziachwe, hasa watoto, na akakumbusha kwamba mama yake alimzaa yeye akiwa na miaka 18. Palin angeweza kuulizwa kuhusu sera yake ya elimu ya uzazi mchana na usiku bila mtu kumtaja binti. Sera ni ya mama. Mimba ilikuwa ya msichana.

Mtoto wa mwaniaji ana miaka 24 na anapiga kampeni. Bado analindwa?

Analindwa kama mtu mzima yeyote, lakini alichokisema jukwaani ni cha umma. Akihutubia, akisimamia fedha za kampeni, akijiita mwakilishi wa ofisi ya mzazi au akisafiri kwa gharama ya serikali, maswali kuhusu kazi hiyo ni halali. Mahusiano yake ya kimapenzi, matokeo yake ya mtihani na rekodi za daktari wake si sehemu ya kazi hiyo.

Kisa cha Hunter Biden kinaonyesha jinsi mambo mawili yanavyoweza kuchanganywa mpaka yasitengane. Alikaa kwenye bodi ya kampuni ya gesi ya Burisma nchini Ukraine kuanzia 2014, wakati baba yake, akiwa makamu wa rais, anashughulikia sera ya Marekani kuhusu Ukraine. Hilo lilistahili kuchunguzwa, na waliosema ni jambo la familia walikosea. Lakini pamoja nalo, kuanzia 2020, zilimwagwa picha zake za faragha na habari za ulevi wake wa dawa za kulevya, ambazo hazikumsaidia mpiga kura yeyote kujua kama sera ya nje iliuzwa. Mchanganyiko huo uliumiza pande zote: mwenye uraibu alidhalilishwa, na swali la msingi likazama.

## Ndoa na wenzi

Mke au mume wa mwaniaji ni mtu wa umma?

Inategemea anachofanya. Anayeketi nyumbani na kuendesha duka lake si wa umma. Anayepewa ofisi, walinzi, magari au jukumu rasmi anachunguzwa kwa kadiri ya alichopewa.

Mfano wa karibu ni Meru. Baada ya uchaguzi wa 2022, Gavana Kawira Mwangaza alimteua mumewe kuwa mlezi wa mpango wa vijana wa kaunti, nafasi iliyosemekana haina mshahara. Wawakilishi wa wadi waliitaja katika mashtaka ya kumng'oa Desemba mwaka huo, na kamati maalumu ya Seneti haikuona sababu ya kumwondoa wakati huo. Vyovyote mtu alivyoiona hukumu ile, kuuliza kuhusu uteuzi ule hakukuwa kuvunja faragha ya mtu. Cheo kilitolewa hadharani na ofisi ya umma.

Mwaniaji mwanamke anaulizwa ameolewa wapi, kwa nini aliachana, kwa nini hana watoto. Ni maswali halali?

Si halali, na hili ndilo swali ninalolijibu kwa uchungu kuliko yote hapa. Hakuna mahali Katiba au Sheria ya Uchaguzi inapomtaka mwaniaji awe na ndoa. Inataka awe mpiga kura aliyesajiliwa, atimize masharti ya elimu na maadili, na ateuliwe na chama au aungwe mkono na wapiga kura. Ibara ya 38 inampa kila raia mtu mzima haki ya kuwania.

Bado kila msimu mambo huwa yaleyale. Akiwania alikozaliwa, anaambiwa ameolewa, aende kwao kwa mume. Akiwania alikoolewa, anaambiwa ni wa kuja. Akiwa mjane, anaulizwa mumewe alikufa vipi. Akiwa ameachika, anaambiwa aliyeshindwa na nyumba atawezaje kaunti. Akiwa hajaolewa, hutafutiwa wapenzi. Mwanamume aliye katika hali hizohizo huulizwa kuhusu barabara.

Wanaoumia si yeye peke yake. Watoto husikia shuleni habari za talaka ya wazazi wao. Mume wa zamani hufuatwa kazini. Mama mkwe hupigiwa simu na watu asiowajua, wakimtaka aseme chochote. Nimeona wanawake wenye uwezo mkubwa wakijitoa, na sababu ambayo hawaisemi mbele ya kamera ni kwamba nyumba zao zingevunjika kabla ya kura kupigwa. Wanaosema wanawake hawajitokezi kuwania waanze na hapa.

La kufanya: usilijibu kwa kutetea ndoa yako. Ukishaonyesha cheti cha ndoa leo, kesho utadaiwa cha hospitali. Sema swali hilo halihusu kiti, kisha rudi kwenye hoja yako. Mwendeshaji wa mdahalo asipolizuia, chama chako kimwandikie rasmi. Ikiwa ni matusi au uzushi, soma sehemu ya malalamiko hapa chini.

Mwanasiasa alazimike kutaja wake au waume wake wote?

Wapiga kura hawana mamlaka ya kudai orodha hiyo. Machi 2009 Rais Mwai Kibaki aliita wanahabari Ikulu, Mama Lucy akiwa kando yake, kutangaza kwamba ana mke mmoja tu. Kwa maoni yangu taifa halikustahili kikao kile, kwa sababu tangazo la namna hiyo huwagusa pia watu ambao hawakuitwa kusema lao. Lililostahili kuulizwa ni finyu zaidi: nani analindwa na polisi, nani analipwa marupurupu, kwa sheria ipi. Maswali hayo hujibiwa kwa rekodi za hazina bila mtu kuingia chumbani.

Kuna mtoto wa nje ya ndoa. Je, hiyo ni habari?

Kuwepo kwa mtoto si habari. Kumtelekeza kunaweza kuwa habari. Ibara ya 53 ya Katiba inawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Mwaniaji aliyepuuza amri ya mahakama ya kumtunza mtoto anaonyesha jinsi anavyoitii sheria, na hilo mpiga kura anaweza kulipima. Hata hivyo andika kuhusu amri na mzazi. Jina la mtoto, sura yake na shule yake visitajwe, na kesi za watoto mahakamani zina ulinzi wake.

Ufaransa ilipitia jambo hili kwa njia inayofundisha. François Mitterrand alikuwa na binti, aliyezaliwa 1974, ambaye umma ulimwona kwa mara ya kwanza jarida la Paris Match lilipochapisha picha zake Novemba 1994. Wahariri wengi walikuwa wakijua na walinyamaza miaka mingi, wakisema ni faragha. Walikuwa sahihi kuhusu msichana. Walikosea kuhusu fedha, kwani binti na mama yake walikaa katika nyumba ya serikali na kulindwa na walinzi wa serikali. Ingewezekana kuandika habari ya nyumba ile bila kumtaja mtoto.

Ugonjwa wa mwenzi au mzazi wa mwaniaji?

Ni wa mgonjwa. Mwaniaji akisimamisha kampeni, inatosha kusema "sababu za kifamilia". Ugonjwa wa mwaniaji mwenyewe ni jambo jingine, kwa kuwa unaweza kugusa uwezo wake wa kufanya kazi anayoiomba.

## Mali na biashara

Mali ya mwenzi inaweza kuchunguzwa?

Ndiyo, kwa sababu mali hufichwa kwa jina la mwenzi kwa urahisi. Kenya inawataka maafisa wa umma watangaze mapato, mali na madeni yao, ya wenzi wao na ya watoto wanaowategemea walio chini ya miaka 18. Utaratibu huo ulikuwa katika Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, ambayo nafasi yake imechukuliwa na Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya 2025. Tanzania, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 nayo inagusa mali ya mwenzi na ya watoto wadogo ambao hawajaoa wala kuolewa. Fomu hizo hazibandikwi ukutani. Anayetaka kuziona hufuata utaratibu.

Penelope Fillon ndiye mfano ambao kila mwandishi anapaswa kuujua. Januari 2017 gazeti la Le Canard enchaîné lilifichua kwamba mke wa François Fillon, aliyekuwa akipewa nafasi kubwa ya kushinda urais wa Ufaransa, alilipwa miaka mingi kama msaidizi wa bunge kwa kazi isiyoonekana. Fillon alimaliza wa tatu duru ya kwanza, na 2020 wote wawili walipatikana na hatia. Ufaransa ni nchi ambayo kifungu cha 9 cha Sheria yake ya Madai kinalinda maisha binafsi kwa ukali, lakini hakuna mahakama iliyosema mshahara ule ulikuwa wa faragha. Ulitoka kwenye kodi.

Na ndugu mwenye tenda za kaunti?

Tenda ni ya umma, kwa hiyo jina la mwenye kampuni, bei na kazi iliyofanyika vinaandikika. Anapoishi, nambari yake ya simu na ndoa yake haviandikiki. Hakikisha pia undugu wenyewe ni wa kweli: kufanana kwa jina la tatu, katika maeneo ambako nusu ya kijiji ina jina hilo, si ushahidi.

## Asili na ukoo

Wazazi wa mwaniaji wanaweza kuwa hoja ya kampeni?

Pale tu sheria inapouliza uraia, na hata hapo wanaopaswa kuuliza ni tume na mahakama, si umati. Afrika imelipa gharama kubwa kwa mchezo huu. Zambia ilibadilisha katiba mwaka 1996 ikitaka wazazi wote wawili wa mwaniaji urais wawe Wazambia, na Kenneth Kaunda, aliyeiongoza nchi hiyo miaka 27, akafungiwa nje. Côte d'Ivoire ilimzuia Alassane Ouattara kwa hoja za namna hiyo, na uchungu wake ukachangia vita. Kongo, kabla ya uchaguzi wa Desemba 2023, mswada wa kutaka baba na mama wote wawe Wakongo ulielekezwa kwa Moïse Katumbi, ambaye baba yake alikuwa Mgiriki wa asili ya Kiyahudi. Haukupita, lakini kwa miezi mingi marehemu baba yake alijadiliwa kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwania.

Jamaa wa mbali, wanaoishi nchi nyingine, wanaweza kuathirika?

Waulizeni watu wa Kogelo. Mwaka 2008 Mama Sarah Obama, mkulima wa Siaya na nyanya wa kambo wa Barack Obama, alijikuta akipokea wanahabari kutoka pembe zote za dunia nyumbani kwake. Septemba mwaka huo kulikuwa na jaribio la kuvunja nyumba yake, na serikali ikaweka polisi.

Kilichompata shangazi yake Obama, Zeituni Onyango, kilikuwa kibaya zaidi. Siku chache kabla ya kura ya Novemba 4, 2008, shirika la habari la AP liliripoti kwamba anaishi Boston katika nyumba za serikali na kwamba ombi lake la hifadhi lilikuwa limekataliwa mwaka 2004. Habari za waomba hifadhi nchini humo zinapaswa kuwa siri. Obama hakuwa na cheo chochote cha uhamiaji alichokitumia kumsaidia, na hakuna ahadi yake iliyoonekana uongo. Mwanamke mgonjwa alilazimika kuondoka anapoishi kwa sababu ya damu tu. Alipewa hifadhi mwaka 2010 na kufariki 2014. Nikiulizwa mfano wa habari ambayo ilikuwa ya kweli kabisa na bado haikupaswa kuchapishwa, huu ndio ninaoutoa.

## Mitandao na kesi ngumu

Picha ilitoka kwenye grupu ya WhatsApp ya familia. Aliyeisambaza ni binamu. Ni kosa?

Matumizi ya nyumbani tu hayabanwi na Sheria ya Data. Lakini kinga hiyo haisafiri na picha. Binamu akimpa bloga, na bloga akaipeleka kwa umma, haya si mambo ya nyumbani tena. Wakati wa kampeni ni busara familia ikubaliane mapema: nani yumo kwenye grupu, na nani anaruhusiwa kupiga picha kwenye ruracio (sherehe ya mahari), harusi au maombi.

Mimi ni mwanablogu. Nina kinga ya uandishi wa habari?

Sheria inakupa nafasi, iwe una kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari (MCK) au huna, ikiwa unaamini kwa sababu za msingi kwamba uchapishaji ni kwa maslahi ya umma na kwamba kufuata masharti ya data kungeiua habari. Unapaswa kuweza kuieleza imani hiyo. Pitia yale maswali matatu ya mwanzo na uandike majibu yako kabla ya kuchapisha. Karatasi hiyo itakusaidia ukiitwa.

Ukilipwa na kampeni, hali inabadilika. Kanuni za usajili za 2021 zinataka kila anayeshughulikia data kwa ajili ya kutafuta uungwaji mkono wa kisiasa ajisajili kwa Kamishna wa Data, hata akiwa mdogo namna gani. Huwezi kuwa wakala asubuhi na mwandishi jioni.

Wamesambaza picha ya utupu ya binti yangu, na ni ya kughushi kwa akili mnemba.

Usiisambaze hata kwa kuikanusha. Piga picha ya skrini inayoonyesha akaunti, kiungo, tarehe na saa, kisha ripoti kwa polisi na kwa mtandao husika siku hiyohiyo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 37, inamwadhibu anayesambaza picha ya siri ya mtu kwa faini ya hadi Sh200,000, kifungo cha hadi miaka 2, au vyote viwili. Inataja pia taswira za kidijitali, kwa hiyo "si picha halisi" si kinga ya kuitegemea. Kwa maoni yangu adhabu hiyo ni ndogo mno kwa uharibifu unaofanyika.

Mwaniaji anayefaidika na picha ya namna hiyo anapaswa kuilaani hadharani, kwa jina lake, kabla hajaulizwa.

Kuna msiba katika familia ya mwaniaji. Waandishi waje?

Waje wakialikwa. Matanga Kenya yamegeuzwa majukwaa, kiasi kwamba mwaka 2021 Kanisa la Kianglikana lilipiga marufuku hotuba za wanasiasa madhabahuni. Familia ina haki ya kusema hakuna kamera karibu na jeneza, hakuna vipaza sauti vya vyama, na hakuna kutangaza chanzo cha kifo. Haki hiyo ni ya wafiwa wote. Mwaniaji mmoja katika familia hawezi kuitoa kwa niaba yao.

## Malalamiko

Napeleka wapi malalamiko?

Kwa data, picha, nambari za simu na majina: Ofisi ya Kamishna wa Data, bila malipo. Sheria inampa siku 90 kukamilisha uchunguzi, kwa hiyo kampeni inaweza kuisha kabla hujapata jibu, wasilisha mapema. Kwa gazeti, redio au televisheni: Tume ya Malalamiko ya Vyombo vya Habari. Kwa vitisho: polisi kwanza. Kwa mwaniaji au chama kinachovunja kanuni za uchaguzi: IEBC.

Kwa kuchafuliwa jina, njia ni kesi ya madai. Mahakama Kuu ilifuta kosa la jinai la kashfa Februari 2017, hivyo usipoteze muda ukitaka mtu akamatwe kwa hilo. Una miezi 12 tu ya kufungua kesi tangu uchapishaji.

Nambari ya simu ya mama yangu imewekwa mtandaoni na anapigiwa usiku kucha.

Fanya haya kwa mpangilio: mpe laini mpya leo, usiizime ya zamani kwa kuwa ina ushahidi, hifadhi rekodi ya simu na ujumbe, ripoti chapisho, kisha malalamiko kama ilivyoelezwa hapo juu. Mtu mmoja katika familia akae na ile simu ya zamani. Asiwe mama.

Kura zimeisha na mwaniaji wetu ameshindwa. Habari za familia zimebaki mtandaoni.

Sasa hoja yako ina nguvu zaidi. Haja ya kampeni, kama iliwahi kuwepo, imekwisha. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Data kinakuruhusu kudai data isiyo sahihi irekebishwe na ile isiyohitajika tena ifutwe. Mwandikie mwenye ukurasa kwanza, kwa heshima, ukitaja kiungo na kifungu. Wengi hufuta wakati huu, kwa sababu aliyewalipa ameshaondoka. Ziandikie pia timu za kampeni, ya upande wenu na ya wapinzani, zifute orodha za jamaa, nambari na picha zilizokusanya. Asiyejibu, peleka nakala ya barua kwa Kamishna pamoja na tarehe uliyoituma.